Tulivyomfuata Lemayian hadi Ewuaso Kedong

Tangu nirudi, kila mtu ananiuliza ilikuwaje. Nimeulizwa kanisani, nimeulizwa na wazazi wanaokuja kuchukua sare za watoto, hata yule jirani tusiyesalimiana sana aliniuliza tukiwa tunaanika nguo. Kila mara naanza kusimulia, mteja anaingia, naachia njiani. Sasa nimefunga cherehani, nimekaa. Someni kwa nafasi yenu. Mambo ya nauli na nani alimpigia nani nimeyaruka.

Kwa wale wasiomjua Neema: ni binti yangu wa miaka sita. Anasikia vizuri, anaelewa, anacheka pale pa kucheka. Lakini akitaka kusema "maji", mdomo unafunguka, ulimi unahangaika huku na huku ukitafuta mahali pa kukaa, na kinachotoka ni "aa" au hakitoki kitu. Madaktari wanaita apraksia. Neno liko kichwani, mdomo ndio hauoni njia ya kulitoa.

Tuko wazazi wachache wa watoto kama hao, wengi hapa Kitengela, wengine Kajiado na Bisil. Tulipokutana mara ya kwanza tuliona kila mmoja amebeba bahasha yake ya vipimo: masikio, picha za kichwa, damu. Kila mmoja ameambiwa kivyake, "Ngojeni, ataongea." Tukakubaliana tuweke majibu pamoja, kila mzazi kwa hiari yake, yasomwe yote na daktari mmoja wa watoto anayeshughulikia ubongo na mishipa ya fahamu.

Daktari huyo aliona kitu ambacho sisi tusingekiona. Watoto watatu walikuwa na badiliko la jeni moja, lile lile. Wawili kati yao walikuwa wamepoteza hata yale maneno machache waliyokuwa nayo, halafu ikagundulika wanapata kifafa usingizini. Wa tatu alikuwa Lemayian, wa upande wa Bisil. Mama yake, Nashipae, alikuwa ametuambia siku za nyuma kwamba mtoto ameacha kusema hata vile alivyokuwa anajaribu.

"Huyo nataka nimpime akiwa amelala, tena haraka," daktari akatuambia. "Kama ni kile ninachofikiri, kila siku inayopita inamchukulia kitu."

Katibu wetu akamtumia Nashipae ujumbe wa sauti. Siku hiyo hiyo nambari yake ikatoka kwenye kikundi chetu cha simu. Ya mumewe ikazimwa. Tukapiga, tukapiga tena. Mwishowe nikasema nitaenda.

Kitengela hadi Kajiado

Sikutaka kwenda na Neema. Lakini mama anayemwangalia alikuwa amefiwa, na Baba Neema alibaki na mdogo wake aliyekuwa na homa. Nikamvalisha sweta, nikafunga chapati kwa karatasi, tukatoka.

Kabla ya Isinya matatu yetu ilisimama. Lori la mchanga lilikuwa limelala kwa ubavu, limeziba lami. Watu wakashuka kunyoosha miguu. Mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya akampa Neema njugu.

"Unaitwa nani, mrembo?"

Neema akafungua mdomo. Akajaribu. Nikaona shingo yake ikikaza.

"Anaitwa Neema," nikasema.

"Mwache aseme mwenyewe. Mnawadekeza sana hawa." Akamwinamia. "Unaitwa nani?"

Neema akageuka, akaficha uso kwa sketi yangu. Yule mama akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo inayoniudhi kuliko dharau.

"Mpeleke akatwe chini ya ulimi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Wa dada yangu alikatwa, sasa anaongea hadi anachosha."

Nikamshukuru. Wa kwangu alikatwa akiwa na miaka miwili, kwa ushauri kama huo, na hakikubadilika kitu. Sikusema hivyo. Nilikuwa natazama lile lori na kuhesabu moyoni ni usiku ngapi Lemayian amelala bila mtu kujua kinachotendeka ndani ya kichwa chake.

Kajiado tulifika jua likiwa kali. Nikajaribu simu ya Baba Lemayian tena. Haipatikani.

Bisil, siku ya soko

Nilikuwa na mwenyeji Bisil. Mama Hodan ana duka la nguo na vyombo karibu na soko la mifugo, na binti yake Hodan ni mmoja wa watoto wetu. Yeye ndiye aliyejua kwa Baba Lemayian ni wapi, kwa sababu boma lile hununua sukari na unga kwake. Alitukalisha nyuma ya duka, akatuletea anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na chai nzito.

"Mama Neema, nikuambie ukweli," akasema. "Baba Lemayian mwenyewe alikuja hapa juzi. Nilimuuliza bibi yako ako wapi, akaangalia chini. Akasema ameenda kwao."

"Kwao wapi?"

"Ewuaso Kedong. Na mtoto. Wallahi nilishtuka. Watu wanasema amerudishwa."

Tulikuwa tunaongea hivyo, tumeinamiana kama watu wenye siri, na nilipoinua kichwa kiti cha Neema kilikuwa tupu. Chapati yake ilikuwa pale, imeumwa mara moja.

Nilitoka mbio. Kama hujawahi kuona Bisil siku ya soko: ni mbuzi, kondoo, ng'ombe, fimbo, vumbi, na watu wengi waliovaa nyekundu hivi kwamba sweta nyekundu ya mtoto haiwezi kuonekana. Niliita jina lake, ingawa nilijua hata akinisikia hawezi kuniitikia. Mtoto mwingine akipotea husema, mimi ni wa fulani, nimetoka mahali fulani. Wangu angesimama mbele ya mtu mwema kabisa na asiweze kumpa hata jina lake.

Malori yalikuwa yanapakia mifugo ya Nairobi. Moja likawasha injini. Nikapanda gurudumu nikachungulia ndani, mbuzi wakanitazama. Dereva akanifokea, nikamwambia mtoto wangu amepotea, akazima injini bila neno lingine na kushuka kunisaidia. Mama Hodan alikuwa upande wa pili, nikimsikia akiuliza watu kwa Kiswahili, kwa Kisomali na kwa Kimaasai cha sokoni.

Mwishowe mwanamke aliyeuza shanga akaniambia, "Ni yule mtoto bubu?"

Neno hilo huwa linanichoma. Siku hiyo nililipokea kwa mikono miwili. "Ndiyo. Ako wapi?"

"Si tumemrudisha shule. Tulimuuliza jina, akafanya tu mdomo hivi. Tukajua ametoroka ile shule ya wale hawasikii. Kijana wa boda amempeleka."

Sikujua kulikuwa na shule kama hiyo. Sikumjua huyo kijana. Mama Hodan akasimamisha pikipiki nyingine, nikapanda nyuma, na njia yote niliomba sala moja tu ambayo haikuwa na maneno.

Neema alikuwa ameketi kwenye meza ndefu katikati ya watoto waliokuwa wakiongea kwa mikono, mbele yake sahani ya ugali na maharagwe. Mwalimu, mwanamume mpole mwenye mvi, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Huyu si wetu," akaniambia kabla sijamsalimia. "Nimepiga makofi nyuma yake, ameruka. Anasikia. Nilikuwa nangoja amalize kula nimpeleke kwa chifu."

Neema aliponiona ndipo akaanza kulia. Alikuwa hajalia kabla, mwalimu aliniambia. Yule kijana wa boda alikuwa bado langoni, amejua kosa lake, anazungusha helmeti mikononi.

"Aunty, si kwa ubaya. Mi nilidhani namsaidia."

"Najua," nikamwambia. Na kweli nilijua. Lakini kutoka hapo Neema hakushuka mgongoni mwangu, mtoto mkubwa vile.

Kwa Baba Lemayian

Tungelala Bisil, ila Mama Hodan alitupa pikapu yake ya kubebea bidhaa na dereva wake, Mzee Dahir, mtu asiyesema sana. Tukaacha lami, tukashika njia ya magari katikati ya miiba. Tulifika bomani jua likianza kushuka, ng'ombe wakirudi.

Baba Lemayian alitujia nje ya ua. Ni mrefu, bado kijana. Tulikuwa tumeonana mara moja Kitengela, na siku ile alicheka sana. Sasa hakucheka.

"Nani amekutuma?"

"Nimekuja mwenyewe. Daktari ameona kitu kwa vipimo vya Lemayian."

"Mlichukua damu ya mtoto wangu, mkaitangaza kwa simu. Sasa unataka nini ingine?"

Nikamwambia hatukuitangaza, ujumbe ulitumwa kwa simu ya mama yake peke yake. Akatikisa kichwa.

"Simu ilikuwa na watoto hapa ndani. Wakaifungua kwa sauti. Mama yangu ako hapo, majirani wako hapo, wamekuja kunywa chai. Wote wakasikia."

"Wakasikia nini?"

Akageuka kutazama nyumba. Mlangoni pa nyumba alikuwa amesimama mama yake mzee, shanga shingoni, kichwa kimenyolewa. Wajukuu wanamwita Koko, nami nikamwita hivyo. Neema akainamisha kichwa kama alivyotufundisha Mama Hodan tusije tukaonekana hatuna adabu, na yule mzee akamgusa utosini. Kisha akaniangalia, akasema kwa Kiswahili cha polepole:

"Walisema Lemayian iko na jini. Jini moja. Na watoto ingine mbili ya Kitengela iko na hiyo jini pia."

Kwanza sikuelewa. Halafu nikakumbuka sauti ya katibu wetu katika ule ujumbe: wamepata jeni moja imebadilika, na watoto wengine wawili wako nayo hiyo hiyo. Jeni. Jini. Mwanamke alikuwa amefukuzwa, mtoto amepelekwa mbali na daktari, kwa ajili ya herufi moja.

"Koko, si jini," nikasema. "Ni jeni. Ni kitu kidogo ndani ya damu, mtoto anakipata kwa wazazi, kama vile anapata macho na rangi..."

"Kwa mama yake," akasema.

"Si lazima kwa mama. Saa ingine haitoki kwa yeyote, inatokea tu."

Baba Lemayian akatafsiri. Koko akasema maneno mengi kwa Kimaasai, na mwanawe akaangalia mbali.

"Anasema kitu kinaingia kwa damu bila kutoka kwa baba wala mama, hicho kinaitwa nini kama si jini." Akapangusa uso. "Mimi nilijua ni jeni. Nilisoma shuleni. Lakini ukimwambia, anakuuliza hivyo, na mimi nashindwa. Majirani wanangoja jibu. Bibi yangu analia. Nikashindwa, basi."

Hapo niliona nikiendelea kubishania neno tutalala njaa. Nikaliacha. Nikakaa chini kwenye ngozi, nikamwomba Koko akae.

"Lemayian alikuwa analala wapi?"

"Na mimi," akasema.

"Usiku, au kabla ya kupambazuka, umewahi kumwona akitingishika? Mdomo ukitafuna na hakuna kitu? Akikojoa kitandani na hakuwa anakojoa?"

Baba Lemayian alianza kutafsiri, lakini Koko alikuwa ameelewa. Alishika shanga zake kwa mikono yote miwili. Alipoongea, aliongea kwa lugha yake, na mwanawe alimtazama kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

"Anasema ndiyo," akaniambia, sauti imebadilika. "Anasema tangu mvua zile ndefu. Anatingishika, povu inatoka. Yeye anamshika hadi inaisha. Hakuambia mtu. Aliogopa watasema mtoto amelaaniwa." Akamgeukia mama yake. "Anasema ndiyo sababu aliposikia jini kwa simu, aliamini. Aliona wamepata ile kitu amekuwa akiona."

Nilikuwa nimekuja nimeikasirikia nyumba hii njia nzima. Na kumbe mama huyu ndiye pekee aliyekuwa ameuona ugonjwa wa mtoto, akaukumbatia gizani peke yake.

Nilimweleza kwamba ni kifafa, kwamba kina dawa, kwamba daktari anamngoja. Usiku ule tulikunywa maziwa ya kibuyu yenye ladha ya moshi. Kabla hatujalala Koko alisema kitu kifupi.

"Anasema yeye ndiye alimfukuza," mwanawe akaniambia. "Kwa hivyo ni yeye ataenda kumwambia arudi."

Bisil hadi Ngong

Tuliondoka alfajiri, Koko mbele na Mzee Dahir, mimi na Neema na Baba Lemayian nyuma chini ya turubai. Tulipitia Bisil, Kajiado, tukakata kona Isinya kushika barabara ya Kiserian. Simu ya Nashipae bado haikuingia. Ya kaka yake iliingia mara moja, akasikia ni shemeji yake, akakata.

Katikati ya ile barabara gurudumu likapasuka. La akiba lilikuwa halina upepo. Mzee Dahir alililaza begani, akasimamisha lori la mawe, akaondoka nalo kutafuta fundi. Sisi tukabaki kando ya barabara na upepo.

Baba Lemayian alitembea kwenda na kurudi. Koko aliketi kwenye jiwe, akamwangalia Neema aliyekuwa akijaribu kuniomba maji. Mimi nilimwelewa mara moja, lakini tumefundishwa tusimkimbilie, tumpe nafasi. Ulimi ukatafuta. Midomo ikafungana, ikaachana.

"Lemayian inafanya hivyo," Koko akasema. "Hivyo hivyo."

"Ndiyo."

"Na hii pia inatingishika usiku?"

"Hapana. Huyu wamempima kila kitu. Hawajaona chochote."

Alifikiri. "Hiyo ni nzuri ama ni mbaya?"

Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza hivyo. Nilimwambia sijui. Nikampa Neema maji.

Mzee Dahir alirudi jua likiwa utosini. Kiserian tukanunua mandazi bila kushuka, Ngong tukapita, na upande ule mwingine wa vilima bonde likafunguka mbele yetu, kavu na jeupe.

Ewuaso Kedong

Nyumba ya kaka yake Nashipae ni ya mabati, nyuma ya kituo cha maduka. Alitoka na kusimama mlangoni, akaujaza.

"Mlimtoa kwenu na mtoto na nguo kwa karatasi ya plastiki," akamwambia Baba Lemayian kwa Kiswahili, nadhani alitaka nami nisikie. "Leo mnakuja na gari. Mnataka nini?"

"Mtoto ni mgonjwa," Baba Lemayian akasema.

"Sasa ndiyo umejua?"

Koko akashuka kwenye pikapu. Ilimchukua muda, magoti yake hayamtii. Akasimama mbele ya yule mwanamume, akamsemesha kwa Kimaasai. Sikuelewa, ila nilimwona akijigonga kifua kwa kiganja, mara moja, na kuonyesha barabara tuliyotoka. Kaka yake Nashipae alikuwa bado hajasogea mlangoni wakati tuliposikia ukelele kutoka upande wa tangi la maji.

Tulikimbia wote. Watu walikuwa wamesimama kwa duara, mbali kidogo, kama watu wanavyosimama wakiogopa kuambukizwa. Katikati Nashipae alikuwa amepiga magoti, mtungi umepinduka, na Lemayian alikuwa chini kwenye tope, mwili umekaza, unaruka. Macho yalikuwa yamegeuka. Mwanamume mmoja alikuwa ameinama na kijiko, anajaribu kumpanua meno.

"Usimtie kitu mdomoni," nikasema. Hakunisikia. Nilimshika mkono. "Baba, tafadhali. Usitie kitu. Tumlaze ubavu."

"Atameza ulimi."

"Hatameza. Daktari ametufundisha. Tafadhali."

Akanitazama, mgeni nisiyejulikana, mkono wangu juu ya wake. Nilidhani angenisukuma. Koko alikuwa amefika. Hakuuliza mtu. Alikaa kwenye tope na shuka lake, akamgeuza mtoto kwa ubavu, akaweka kichwa chake kwenye paja, akaanza kumfuta povu kwa upole, kama mtu aliyelifanya jambo hilo mara nyingi. Yule mwanamume akarudisha kijiko mfukoni.

Nashipae alimwona mama mkwe wake. Niliona uso wake ukipita hofu, hasira, halafu uchovu mtupu. Koko aliongea bila kuinua macho kutoka kwa mtoto. Baadaye nilimuuliza Nashipae aliambiwa nini pale. Aliambiwa: "Nilikuwa naona, na sikukuambia."

Mtoto alilegea. Akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyetoka majini. Kaka yake Nashipae ndiye aliyerudi nyumbani mbio, na aliyekuja amebeba godoro lake mwenyewe kichwani na kulitandika nyuma ya pikapu.

Nairobi

Hospitali sitaitaja. Daktari alikuwa amengoja ingawa muda wake wa kazi ulikuwa umekwisha. Walimbandika Lemayian nyaya kichwa kizima, mama yake akamwimbia hadi akalala, na mistari ikaanza kutembea kwenye kioo. Sisi wengine tulingoja nje. Neema alilala mapajani mwa Koko.

Daktari alipotoka aliongea na wazazi wake kwanza, mlango umefungwa. Kisha Baba Lemayian akaniita niingie. Alisema niingie, nisikie.

"Akilala, ubongo wake haupumziki hata kidogo," daktari akasema. "Ni dhoruba tangu anapofumba macho. Ndiyo sababu maneno yanapotea. Tunaanza dawa leo. Siwaahidi yote yatarudi. Lakini mngekuja baada ya mwaka, ningekuwa na kidogo sana cha kuwaambia."

Baba Lemayian aliuliza maswali mengi, mazuri. Mwishowe akasema jambo ambalo nimelipeleka kwenye kikundi nasi tumelikubali. Vipimo vya mtoto wake vibaki pamoja na vya wenzake, vimsaidie mwingine. Ila hataki tena habari ya damu ya mtoto isafiri kwa sauti ya simu.

"Mkiwa na kitu ya kuniambia," akasema, "mtu aje. Nitachinja mbuzi."

Kitengela

Nashipae na Lemayian wamelala kwetu juma zima wakingoja kurudi kliniki. Kwa hivyo mkisikia kelele za watoto kwangu, ndio hao. Kifafa cha mchana hakijaonekana tena. Usiku bado kinakuja, kidogo. Lemayian hajasema neno, ila ameanza tena kujaribu, na daktari anasema kujaribu ndiko kulikokuwa kumekwisha.

Jioni moja tulikuwa jikoni tukimenya viazi, watoto wakiwa sakafuni wanasukumana na vifuniko vya sufuria. Nashipae aliniuliza bila kuniangalia.

"Na Neema? Walimpata na nini?"

"Hakuna. Damu haina kitu, kichwa hakina kitu. Wanasema labda siku moja, kipimo kipya kikija." Kisu changu kilisimama. "Saa ingine naona wivu. Wewe ulipewa jibu baya, lakini ni jibu. Unajua dawa ni gani."

Nilijuta mara moja kumwambia hivyo mwanamke aliyepitia yale aliyopitia. Yeye aliweka kiazi chini, akapangusa mikono kwa leso. Aliwatazama watoto. Neema alikuwa amemshika Lemayian uso kwa viganja viwili, anamwonyesha mdomo wake, anaufunga na kuufungua polepole kama mtaalamu wa matamshi anavyomfundisha yeye. Lemayian alikuwa anaufuata. Hakuna sauti iliyokuwa ikitoka kwa yeyote.

"Basi hilo jibu lako," Nashipae akasema, "tutalingoja na wewe."

Akavuta kiti karibu na changu, akachukua kiazi kingine.